Torricelli, Mtu Aliyepima Uzito wa Hewa

1. Dumu linalolia

Ndugu msomaji, chukua dumu lililojaa maji. Ligeuze ghafula, mdomo uelekee chini. Utaona kwamba maji hayatoki kwa mfululizo. Yanatoka kidogo, yanasita, kisha yanatoka tena. Dumu linalia: gudu, gudu, gudu. Sasa liinamishe polepole, ili ibaki nafasi ndogo katika mdomo wake. Maji yanatoka vizuri, tena bila kelele.

Kwa nini iko hivyo? Maji yanapotoka, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Hewa ikikosa njia, maji husita. Ikipata njia, maji hutiririka.

Jambo hili linaonekana dogo. Lakini mabomba ya maji ya miji yetu hufuata kanuni hiyo hiyo. Watu wasipoielewa, bomba linaweza kupasuka. Linaweza pia kunyonya maji machafu na kuyaleta majumbani.

Katika sura hii utasoma habari za mtu aliyetuonyesha kwamba hewa ina uzito na kwamba inasukuma. Jina lake ni Evangelista Torricelli. Jina hilo la pili hutamkwa Toricheli. Alikufa mwaka 1647, lakini fundi bomba wa Kinondoni au Temeke hufuata kanuni yake kila siku, hata kama hajapata kulisikia jina hilo.

2. Mtoto wa mfanyakazi wa nguo

Torricelli alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1608, katika nchi ya Italia. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa nguo. Nyumba yao haikuwa na mali. Wazazi waliona kwamba mtoto wao ana akili nyingi, lakini hawakuwa na uwezo wa kumsomesha.

Ndugu mmoja katika ukoo anaweza kumwokoa mtoto. Hata kwetu mambo hayo yapo. Torricelli alikuwa na ndugu wa ukoo wake aliyekuwa mtawa katika mji wa Faenza. Mtawa huyo alimchukua, akamfundisha, akamwingiza katika shule ya mapadri. Huko kijana alijifunza hesabu.

Baadaye alipelekwa Roma, mji mkuu. Mwalimu wake huko aliitwa Benedetto Castelli. Castelli alikuwa mtaalamu wa maji. Mwaka 1628 alitoa kitabu juu ya kupima maji yanayotiririka katika mito na mifereji. Torricelli hakuwa na fedha za kutosha, kwa hiyo alifanya kazi ya ukarani kwa mwalimu wake. Aliandika barua, akatunza karatasi, huku akisoma. Hivyo alipata elimu kwa kufanya kazi.

3. Miezi mitatu na mzee kipofu

Wakati huo mtaalamu aliyejulikana kuliko wote Italia aliitwa Galileo. Yeye alikuwa amefundisha kwamba dunia inazunguka jua. Wakuu wa kanisa la wakati huo walimshitaki. Mwaka 1633 walimhukumu, akafungiwa nyumbani kwake mpaka kufa. Watu wengi wenye elimu waliogopa. Torricelli naye akawa mwangalifu. Alijishughulisha zaidi na hesabu, jambo ambalo halikuweza kumletea mashitaka.

Mwaka 1641 Galileo alikuwa mzee na kipofu. Alihitaji mtu wa kumsomea na kumwandikia. Castelli alimpendekeza Torricelli. Basi mwezi wa Oktoba mwaka huo Torricelli akaenda kukaa na mzee, karibu na mji wa Florence. Walifanya kazi pamoja kwa miezi mitatu tu. Tarehe 8 Januari 1642 Galileo akafa.

Mtawala wa nchi hiyo alimwomba Torricelli abaki Florence. Akampa kazi ya kuwa mtaalamu wake wa hesabu, kazi ambayo zamani alikuwa nayo Galileo. Kijana wa mfanyakazi wa nguo akawa ameshika nafasi ya mwalimu mkuu wa nchi.

4. Swali la pampu

Galileo alikuwa ameacha swali ambalo hakulimaliza. Swali lenyewe lilitoka kwa watu wa kazi, sio kwa wasomi.

Watu waliotumia pampu za kuvuta maji visimani waligundua jambo la ajabu. Pampu ilivuta maji vizuri mpaka kimo cha mita 10 hivi. Zaidi ya hapo maji yalikataa kupanda. Walitengeneza pampu, wakabadilisha ngozi zake, lakini maji hayakupanda.

Siku hizo wasomi waliamini kwamba hakuna mahali panapoweza kuwa patupu kabisa. Walisema kwamba ukivuta hewa, maji hukimbilia kuziba nafasi. Lakini kama ndivyo, kwa nini maji yaache kukimbia yakifika mita 10? Galileo alidhani maji hukatika kwa uzito wake yenyewe, kama kamba iliyobeba mzigo mzito mno.

Torricelli aliwaza kwa njia nyingine. Alijiuliza: je, ni kweli kwamba pampu inavuta maji? Huenda pampu inatoa hewa tu ndani ya bomba. Halafu hewa iliyo nje inayakandamiza maji ya kisimani na kuyasukuma yapande. Kama ndivyo, basi hewa ina uzito. Nao uzito huo una mpaka wake. Hewa inaweza kuinua maji mita 10 hivi, haiwezi zaidi.

5. Jaribio la zebaki

Mawazo peke yake hayatoshi. Lazima yajaribiwe. Lakini bomba la mita 10 ni gumu kulishika. Torricelli akatafuta kitu kizito kuliko maji. Akachagua zebaki.

Zebaki ni madini ya majimaji, yenye rangi kama ya fedha. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaijua. Ina uzito wa mara 13 na nusu hivi kuliko maji. Lakini angalia: zebaki ni sumu. Wewe usijaribu kuichezea.

Torricelli alipanga jaribio, na rafiki yake Vincenzo Viviani akalifanya. Mwaka 1644 Torricelli aliandika habari zake katika barua kwa rafiki yake aliyekuwa Roma. Hivi ndivyo walivyofanya.

Walichukua mrija wa kioo wenye urefu wa zaidi ya mita moja. Upande mmoja ulikuwa umezibwa. Wakaujaza zebaki mpaka juu. Wakaziba mdomo kwa kidole, wakaugeuza kichwa chini, wakautumbukiza katika bakuli lenye zebaki. Kisha wakaondoa kidole.

Zebaki ilishuka kidogo, halafu ikasimama. Ilibaki imesimama ndani ya mrija kwa kimo cha sentimita 76 hivi. Juu yake palibaki nafasi tupu.

Kitu gani kiliizuia isimwagike yote? Ni hewa. Hewa ilikandamiza zebaki iliyo katika bakuli, nayo ikaishikilia ile iliyo ndani ya mrija. Sasa fanya hesabu. Sentimita 76 za zebaki, ukizidisha kwa 13 na nusu, unapata zaidi kidogo ya mita 10 za maji. Hicho ndicho kimo kile kile cha pampu! Swali la watu wa visima likawa limejibiwa.

Ndiyo maana hata leo, katika kisima kirefu, pampu huteremshwa chini ndani ya maji. Ikiwa chini huyasukuma maji yapande. Ikikaa juu na kuvuta, haiwezi kupita mita 10. Kwa kweli pampu nyingi za kuvuta huchoka hata kabla ya mita 8.

6. Gunia la mahindi mkononi

Kunjua kiganja chako. Hewa inakikandamiza. Kila sentimita moja ya mraba inabeba uzito wa kilo moja hivi. Kiganja cha mtu mzima kinabeba karibu kilo 100. Huo ni uzito wa gunia la mahindi!

Mbona hatuoni uzito huo? Ni kwa sababu hewa inasukuma pande zote, juu, chini na pembeni. Hata ndani ya mwili wetu mna msukumo unaolingana na ule wa nje. Pande mbili zikilingana, hakuna kinachovunjika. Hatari huja pale upande mmoja unapokosa hewa. Likumbuke neno hili, maana tutalihitaji tutakapofika kwenye mabomba.

Mwaka 1648 jambo hili lilithibitishwa tena. Mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Blaise Pascal, alimwomba shemeji yake apande mlima na mrija wa zebaki. Kule juu zebaki ilishuka kwa sentimita 8 hivi. Hewa iliyobaki juu ya mlima ni pungufu, kwa hiyo uzito wake ni mdogo. Ukipanda Kilimanjaro mpaka kileleni, mita 5,895, msukumo wa hewa unakuwa karibu nusu tu ya ule wa Dar es Salaam. Ndiyo maana wapanda mlima hutweta.

Chombo cha Torricelli kilikuja kuitwa barometa. Watu wa hali ya hewa walikitumia kwa miaka mingi kutabiri mvua na dhoruba.

7. Mabomba ya Ruvu

Sasa tuje kwetu. Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulianza kazi mwaka 1959. Mtambo wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ulianza mwaka 1976. Kutoka huko maji husukumwa kwa pampu ndani ya mabomba makubwa. Ya Ruvu Juu hufika kwenye matangi ya Kimara. Ya Ruvu Chini hufika kwenye matangi yaliyo kwenye kilima cha Chuo Kikuu. Kutoka vilimani maji huteremka mitaani.

Bomba refu halilali tambarare. Linapanda vilima na kushuka mabondeni. Hewa ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo hujikusanya mahali palipoinuka. Ikijaa hapo, huziba njia kama kizibo. Maji yanapita kwa shida, ingawa bomba halina taka. Kwa hiyo mafundi huweka koki maalumu za hewa mahali palipoinuka. Koki hizo hutoa hewa bomba linapojazwa. Tena huingiza hewa bomba linapomwagwa maji.

Hapa ndipo elimu ya Torricelli inapofanya kazi. Tuseme bomba limeharibika, na mafundi wanataka kulitengeneza. Wanafunga maji, halafu wanafungua koki iliyo bondeni ili maji yatoke. Maji yanateremka. Kule mlimani panabaki nafasi. Kama koki ya hewa ni nzima, hewa inaingia na kazi inakwenda salama. Kama koki hiyo imeziba, hewa haiingii. Ndani ya bomba panakuwa karibu patupu. Nje, hewa inakandamiza kwa kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Bomba jembamba la chuma au la plastiki linaweza kubonyea kama kopo lililokanyagwa.

8. Hatari usiyoiona

Bomba likibonyea, watu wataona. Lakini iko hatari nyingine isiyoonekana, nayo ni mbaya zaidi.

Bomba likiwa limejaa maji yenye nguvu, penye ufa maji hutoka nje. Mtu huona tope na kusema bomba linavuja. Lakini bomba likikosa maji, mambo hugeuka. Sasa msukumo wa nje ni mkubwa kuliko wa ndani. Ule ufa ulikuwa unatoa maji, sasa unanyonya. Kama bomba limepita katika mtaro wa maji machafu, au karibu na choo kilichojaa, uchafu huo unasukumwa kuingia ndani. Maji yakirudi, uchafu unasafiri mpaka jikoni kwako.

Mpira wa maji nao ni hatari. Mtu anatumbukiza mpira ndani ya ndoo ya kufulia au pipa la maji machafu. Maji yanakatika. Anauacha mpira humo, koki ikiwa wazi. Bomba la mtaani linapokauka kuelekea bondeni, linanyonya yale maji ya ndoo kupitia mpira. Jirani aliye chini atakunywa maji ya nguo zako.

Magonjwa ya maji machafu tunayajua. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilitokea Dar es Salaam, kikianzia Kinondoni. Kisha kikaenea mikoa mingi ya nchi. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita njia nyingi. Bomba lililonyonya uchafu ni moja ya njia hizo. Watu wa mtaa wanaweza kuifunga.

9. Kifo cha Torricelli

Torricelli hakuacha kazi baada ya jaribio la zebaki. Mwaka 1644 alitoa kitabu chake cha hesabu. Ndani yake alieleza jinsi maji yanavyotoka katika tundu la chombo. Kimo cha maji juu ya tundu kikiwa kirefu zaidi, maji hutoka kwa kasi zaidi. Lakini ili kuongeza kasi mara mbili, lazima kimo kiongezwe mara nne. Kwa sababu hiyo matangi hujengwa kwenye kilima au juu ya mnara.

Alieleza pia kwamba upepo hutokea kwa sababu hewa ya mahali pamoja ni nzito kuliko hewa ya mahali pengine. Aliulizwa shauri juu ya kukausha mabwawa ya bonde la Chiana. Alikuwa pia hodari wa kusaga vioo vya darubini, akapata sifa na fedha kwa kazi hiyo.

Mwezi wa Oktoba 1647 alishikwa na homa kali akiwa Florence. Wengi walioandika habari zake husema ilikuwa homa ya matumbo. Tarehe 25 ya mwezi huo akafa. Alikuwa ametimiza miaka 39 siku kumi tu kabla.

Siku hizo hakuna aliyejua kwamba homa ya matumbo huletwa na vijidudu vilivyo katika maji na chakula kichafu. Mtu aliyejua maji na hewa kuliko wengi wa wakati wake hakuwa na njia ya kujikinga. Sisi leo tunayo. Tunajua yale aliyoyagundua, tena tunajua habari za vijidudu. Tukiyaweka pamoja mambo hayo mawili, tunaweza kuokoa watoto wetu.

10. La kufanya nyumbani

Maji yakikatika, funga koki zote. Usiache koki wazi ukingojea maji yarudi.

Usiache mpira ndani ya ndoo, pipa au dimbwi. Mdomo wa mpira au wa koki ukae juu ya chombo, usiguse maji.

Maji yakirudi, koki hukohoa na kutoa upepo. Hiyo ni hewa iliyobanwa inatoka. Fungua koki polepole. Ukifungua ghafula, hewa hutoka kwa kishindo na maji yanayoifuata hugonga bomba kwa nguvu. Viungo vinaweza kuachia. Hewa inayopita kwa kasi inaweza pia kuzungusha mita yenye gurudumu, ikahesabu kitu ambacho si maji.

Maji ya kwanza usiyanywe. Yakinge kwa kumwagilia bustani au kusafisha choo. Ngoja mpaka yatoke meupe, na hata hivyo chemsha ya kunywa. Uchafu mwingine hauonekani kwa macho.

Ukiona bomba linavuja, toa habari mapema kwa watu wa maji na kwa mjumbe wa mtaa. Usiseme ni maji tu yanayopotea. Ufa unaotoa leo ndio utakaonyonya kesho.

Kama una tangi nyumbani, hakikisha lina tundu la kupitisha hewa. Lifunike kwa wavu, mbu na mijusi wasiingie, lakini usilizibe. Tangi lisilopumua maji yake hayashuki vizuri, na laweza kubonyea.

Jaribio la darasa

Jaza bilauri maji mpaka juu kabisa. Weka karatasi ngumu juu yake. Ishikilie karatasi kwa kiganja, geuza bilauri kichwa chini, kisha ondoa mkono polepole. Maji hayatamwagika. Ni nani anayeyashikilia?

Halafu tazameni chombo cha kunyweshea vifaranga, kile kinachogeuzwa juu ya sahani. Kwa nini maji yake hayamwagiki yote mara moja?

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini dumu lililogeuzwa ghafula hulia?
2. Torricelli alisomaje ingawa wazazi wake hawakuwa na mali?
3. Kwa nini pampu ya kuvuta haiwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10?
4. Koki ya hewa iliyo mlimani ina kazi gani mbili?
5. Bomba lenye ufa huweza kunyonya uchafu wakati gani?
6. Katika kijiji chenu au mtaa wenu, ni mabomba gani yanapita penye maji machafu? Mtafanya nini pamoja?